Funguo Mbili, Nyumba Moja

Kiwandani walituita Mama Subiri na Bwana Chapuchapu, na mimi nilicheka kuliko wote. Mama Subiri ndiye mimi. Kazi yangu ni kuunda vidhibiti, yaani ile akili inayoiamulia mashine ifanye nini na lini, na kwa kuwa kila anayenijia na haraka zake mimi humwambia "subiri," jina likaniganda. Bwana Chapuchapu alikuwa mume wangu, mkuu wa uzalishaji, mtu ambaye hata chai huinywa wima huku akitafuta viatu. Vijana wa kiwandani walisema ndoa yetu ni gari lenye mafuta na breki, basi lazima litafika. Sitaficha, nilikuwa najivunia mume.

Kazi yetu ni kupika sabuni. Tangi letu ni refu kupita nyumba ya kawaida, na ndani yake mafuta na magadi hupikwa mpaka yashikane. Joto likizidi, povu linafura na kupanda. Joto likipungua, kila kitu kinaganda na kazi imekuwa bure. Kwa hiyo kuna vali mbili: moja huleta mvuke wa kupasha, nyingine huleta maji baridi ya kupoza. Juu ya hizo vali mbili kuna kidhibiti nilichokiunda mimi kwa mkono wangu. Mpishi, yaani bwana anayelisimamia tangi, mnene, mwenye masharubu na maneno mengi, alikibatiza jina la Kiranja. "Hakifanyi kazi yoyote," alisema, "kinaamrisha wenzake tu."

Kumwamrisha nani afanye nini si kazi ndogo, jamani. Joto lina tabia yake: linapanda pole pole, linashuka pole pole, na ukifunga mvuke sasa hivi, bado litaendelea kupanda kidogo kwa ule moto uliobaki kwenye kuta za tangi. Vali nazo hazijui pole pole. Ni wazi au imefungwa, basi. Sasa wafungie hao wawili chumba kimoja, mpole na mkurupukaji, halafu uniambie kama hawatagombana. Kupasha peke yake ni salama, nilipiga hesabu na kuhakiki. Kupoza peke yake ni salama vile vile. Lakini ukirukaruka kati ya huku na kule bila kupumzika, wema wote wawili unageuka ubaya. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Unamgusa tu, kidogo, kila anaporudi. Mwishowe miguu yake iko mawinguni na mama yake anapiga kelele.

Dawa yake ni kusubiri. Kiranja akishabadilisha vali, sharti atulie mpaka joto litulie, ndipo aruhusiwe kubadilisha tena. Huo muda wa kutulia tuliuita subira. Kiwanda kizima kilijua: tangi haliendi bila subira.

Subira inachelewesha, sibishi. Kila mkuu wa uzalishaji aliyewahi kuingia pale aliitazama kwa jicho la chuki, maana bila hiyo siku nyingi tangi lingepika haraka zaidi na lisingetokea lolote. Siku nyingi. Ndiyo maana nilipoijenga sikuiacha mikononi mwa mtu mmoja. Katika chumba cha Kiranja niliweka makufuli mawili, moja ukuta wa mlangoni, jingine ukuta wa mbali kando ya dirisha. Ukitaka kuigusa subira, kuiongeza au kuiondoa, sharti funguo zote mbili zigeuzwe kwa wakati mmoja, na hata ujinyooshe mpaka mabega yateguke, peke yako hufiki. Ufunguo mmoja hukaa na mbunifu, mwingine hukaa na mkuu wa uzalishaji. Anayetaka haraka na anayetaka usalama wakubaliane kwanza. Nilijisifu kwa wazo lile hadi nikawachosha watu.

Wakati ule mkuu wa uzalishaji alikuwa mtu mwingine. Alipostaafu, kiti kikaenda kwa mume wangu, na ufunguo ukaenda pamoja na kiti. Hakuna aliyeuliza. Wala mimi sikuuliza. Jioni ile alikuja nao nyumbani, akautundika kwenye msumari ule ule wa ufunguo wangu, nyuma ya mlango wa jikoni, akasema, "Tazama, hata funguo zetu zimeoana."

Tulicheka. Mdogo wangu alikuwa mezani, naye akacheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni.

Huyu mdogo wangu niseme habari zake. Ni kitindamimba wetu. Nilimbeba mgongoni nikiwa bado naenda shule, na alipomaliza masomo yake nilimchukua, nikampa chumba cha nyuma, nikamtafutia kazi kwenye maabara ya kiwanda. Kazi yake ilikuwa kupima sabuni mbichi kama imeshikana sawasawa. Sisi tulimwita binti wa maabara, na mume wangu hakumwita shemeji, alimwita "mwanangu." Watu wa maabara hawaruhusiwi kuingia chumba cha Kiranja. Vikombe vyao vya sampuli hupitishwa kwenye kidirisha kidogo, wanapokea, wanakwenda zao. Ni sheria niliyoiandika mimi, na yeye aliwahi kunitania, "Dada, hata mimi? Nikikuletea chakula nacho kipite dirishani?" Nikamwambia ndiyo, hata wewe.

Kuna jambo moja zaidi. Kufuli langu, lile la mbali, lilifungwa kombo na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake. Ukiutia ufunguo na kuuzungusha, haugeuki. Sharti kwanza uuinue kidogo kwa kidole gumba, kidogo tu, ndipo ukubali. Kila mara nilisema nitamwita arudi alirekebishe, na kila mara nikasahau, kwa sababu aliyelitumia ni mimi peke yangu na kidole changu kilishazoea.

Basi mama akaugua. Nilipanda basi la asubuhi kwenda kumuuguza, na mdogo wangu alinisindikiza, amenibebea begi mpaka mlango wa basi, akanipungia mkono hadi basi likakata kona. Ufunguo niliuacha msumarini. Nani anabeba ufunguo wa kiwanda kwenda kumuuguza mama yake?

Mume wangu alikuwa akinipigia simu kila jioni. Mama anaendeleaje, umekula, umelala. Halafu siku moja sauti ikachangamka: "Uzalishaji umepanda, mke wangu! Wenye kiwanda wamenipongeza mbele ya watu. Kiti cha mkurugenzi kiko wazi, unajua." Nikamuuliza amefanyaje. Akasema vijana wamejituma. Nami, kwa furaha, nikamwamsha mgonjwa nimweleze jinsi mkwewe anavyong'ara.

Simu iliyofuata ilitoka kwa mdogo wangu. Alikuwa analia hadi maneno hayatoki. "Dada, tangi limefurika. Mpishi ameungua."

Nilirudi nikaenda moja kwa moja hospitali. Mpishi alikuwa amelala chali, mkono wa kulia umefungwa kuanzia begani hadi ncha za vidole, masharubu yameungua upande mmoja. Hata hapo hakuacha utani wake. "Mama Subiri, wamenyoa nusu, wamesema nusu nyingine nilipie." Kisha akaacha kucheka. "Kiranja wako alipagawa. Siku ile yalikuja mafuta mazito. Nikasikia vali zinagonga tak, tak, tak, tak, hazivuti hata pumzi. Joto likawa linapanda na kushuka, kila safari linapanda zaidi. Nikakimbilia kuufunga mvuke kwa mkono. Sikuwahi."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Vali zilizo na subira hazigongi hivyo, haki ya Mungu hazigongi. Mtu alikuwa ameiondoa.

Nilifika nyumbani nikiwa nahema. Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mikono yote miwili. Nikamuuliza nani ameiondoa subira.

"Hata mimi nashangaa," alisema.

"Ufunguo wako ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea nao mfukoni. Wako?"

"Si nimeuacha hapo msumarini?"

"Basi labda makufuli yameharibika," akasema. "Wewe ndiye mtaalamu."

Nikamwamini. Sasa nisimwamini yeye nimwamini nani? Siku baada ya siku nilishinda nimepiga magoti nyuma ya ukuta wa Kiranja, nikifuata waya mmoja mmoja, nikitafuta ubovu ambao haukuwepo. Nilisaka hata kwenye kumbukumbu za Kiranja, lakini zake ni za siku moja tu, ya leo huifuta ya jana, na siku zilizohitajika zilishafutika. Kila jioni mdogo wangu alinipakulia chakula, akaniwekea maji ya kunawa. "Pole, Dada," alikuwa akisema. "Kula kidogo. Mungu ataonyesha." Nikamshukuru. Nilisema moyoni, ama kweli nimelea.

Kiwanda kikaunda kamati ya uchunguzi. Mwenyekiti alikuwa mhandisi kutoka nje, mama wa makamo, mwenye mafua yasiyokwisha na macho yasiyopepesa. Aliniambia waziwazi tangu mwanzo: "Subira imekutwa imewekwa sifuri. Haikujiweka. Ikithibitika ni wewe, hutaunda kidhibiti tena popote pale, na kesi ya kumjeruhi mtu itakufuata mahakamani. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Tena nilisema kwa kujiamini, maana nilijua sikufanya.

Tulikaa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, viti vya plastiki, feni inazunguka kwa kulalamika. Mdogo wangu alikuwa amesimama ukutani na trei ya vikombe vya sampuli, aliitwa kueleza sabuni ya siku ile. Mimi nilieleza kazi ya subira, nikachora, nikaeleza ule mfano wa bembea. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Kisha mume wangu akaitwa.

Alisimama taratibu. Yeye, Bwana Chapuchapu! Akavua miwani, akaipangusa, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa salamu za rambirambi: "Ndugu wajumbe, huyu ni mke wangu. Na kwa sababu ni mke wangu, siwezi kumtetea. Haki ni haki. Asubuhi aliyosafiri alinipitia ofisini. Akaniambia amepiga hesabu mpya, subira haina haja tena. Yeye ndiye mbunifu, mimi ni nani nimbishie? Akaenda kufuli lake, mimi nikaenda langu, tukageuza. Nimekaa na jambo hili, limenitafuna. Nisameheni, na yeye anisamehe."

Niliona nyuso za wajumbe zikilainika. Maana mwanamume gani atasimama mbele ya watu kumtia mkewe hatiani kama si kweli? Ndiyo akili aliyoitumia. Uongo aliuvika nguo za uadilifu, ukapendeza.

"Mwongo!" Nilishasimama, kiti kimeanguka. "Mwongo wa mchana kweupe! Huna hata haya!"

"Mama, keti," akasema Mwenyekiti.

"Siketi! Nilitoka nyumbani nikaenda kituoni, kiwandani sikukanyaga! Muulizeni mdogo wangu, huyo hapo, ndiye aliyenisindikiza hadi mlango wa basi!"

Watu wote wakageuka. Mwenyekiti akamuuliza, "Ni kweli, binti?"

Mdogo wangu akaangalia trei yake. "Nilimsindikiza," akasema. "Ila tuliishia njia panda. Tukaagana pale. Alikoelekea baada ya hapo... sijui."

Begi langu alilibeba yeye! Nilimwona akipunga mkono! Nikamtazama ili anitazame, hakunitazama. Nikajiambia ni woga, mtoto amebabaika mbele ya wakubwa, ulimi umeteleza. Unaona nilivyokuwa? Nimeshachomwa kisu, bado namtafutia udhuru aliyekishika.

Mwenyekiti akapenga kamasi, akasema maneno yametosha, sasa anataka kuona kwa macho. Tukaenda wote kwenye chumba cha Kiranja. Tangi lilijazwa maji matupu, asije mwingine akaungua. Akaniambia mimi na mume wangu tusimame katikati ya chumba, mikono nyuma, tusiguse kitu.

Kwanza akaamuru Kiranja awashwe hivyo hivyo, bila subira. Vali zikaanza. Mwanzoni ilikuwa shwari, mjumbe mmoja mwenye tai akatabasamu kama anayesema kumbe ni hili tu. Kisha zikashika kasi, tak, tak, tak, na mshale wa joto ukawa unapanda na kushuka, kila kupanda ukipita pale ulipofika mwanzo. Mwenye tai akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. "Zima, zima," akasema Mwenyekiti. Wakazima.

"Sasa turudishe subira tuone. Ufunguo huu wa mlangoni nitageuza mimi." Funguo zote mbili alikuwa nazo yeye, kamati ilizichukua. Akatupa macho chumbani. Mjumbe mmoja alikuwa anaandika, mwenye tai alionekana hataki kugusa chochote kilichounganishwa na waya. Kwenye kidirisha, mdogo wangu alikuwa amesimama upande wa nje, anasubiri kikombe cha maji akapime. "Wewe binti, weka hivyo vikombe, ingia. Shika ufunguo huu, nenda kwenye kufuli lile la dirishani."

Akaingia. Akapita karibu yangu, nikasikia harufu ya sabuni yetu ya nyumbani kwenye nguo zake. Akautia ufunguo.

"Nikifika tatu," akasema Mwenyekiti. "Moja. Mbili."

Nikafungua mdomo nimwambie, inua kwanza, mdogo wangu, hilo kufuli ni korofi. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini kidole gumba chake kilikuwa kimeshaingia chini ya ufunguo. Kikauinua, kidogo, kidogo tu.

"Tatu."

Ufunguo ukageuka kama umetiwa mafuta. Taa ya kijani ikawaka.

Kiranja akaanza kazi, safari hii kwa adabu. Vali ya mvuke ikafunguka, ikafunga, ikatulia. Joto likapanda, likasita, likalala. Wajumbe wote walikuwa wanautazama mshale, wananong'ona, hata Mwenyekiti akasema vizuri sana. Mimi sikuutazama. Nilikuwa natazama kile kidole gumba. Nimekikata kucha mara ngapi kidole kile, alipokuwa mdogo.

Niseme ukweli, nilifikiri kunyamaza. Nikinyamaza, mimi naanguka peke yangu, na yeye anabaki na kazi, na nyumba, na jina. Yeye ni damu yangu. Kisha nikakumbuka masharubu ya Mpishi yaliyoungua upande mmoja. Nikakumbuka "pole, Dada, Mungu ataonyesha." Hasira ikapanda, na safari hii sikuizuia.

"Mdogo wangu," nikasema, "nani alikufundisha kuinua?"

"Kuinua nini, Dada?" akauliza.

"Kuna nini?" akasema Mwenyekiti.

Nikamwambia, "Mama, tafadhali, nenda wewe mwenyewe kwenye kufuli lile, ujaribu kuligeuza." Akaenda. Akazungusha kulia, kushoto, akasukuma, akaguna, wapi. Akamwita mwenye tai, naye akajikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Limekwama," akasema, "hili bovu." Mjumbe aliyekuwa akiandika akaacha kuandika, akajaribu, wapi.

Mwenyekiti akamrudishia mdogo wangu ufunguo. "Hebu geuza tena, binti."

Na hapo ndipo mtoto wa watu alipojimaliza mwenyewe. Aliutia ufunguo, akausukuma mbele, akazungusha kwa nguvu zote, bila kuuinua. Akasukuma tena. Jasho linamtoka. "Linakataa," akasema.

"Mbona sasa hivi lilikukubali?" akauliza Mwenyekiti, kwa upole kabisa.

Mdogo wangu akaketi chini sakafuni, pale pale chini ya kufuli, akafunika uso. "Shemeji alisema Dada ameridhia," akalia. "Alisema wameongea kwenye simu, amekubali, ila hayupo wa kugeuza. Akautoa ufunguo msumarini, akanipa, nikahangaika na kufuli mpaka nikagundua linataka kuinuliwa. Mimi nilijua Dada amekubali!"

"Nyamaza wewe!" Mume wangu alifoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. "Mpumbavu! Si nilikuambia unyamaze?"

Mjumbe akarudi kuandika. Mwenyekiti alimtazama mume wangu kwa yale macho yasiyopepesa, na mume wangu akaanza kuipangusa miwani ambayo ilikuwa safi.

Mimi nilichuchumaa mbele ya mdogo wangu. Sikumpiga, ingawa mkono uliwasha. "Sawa," nikamwambia. "Siku ile ulidanganywa. Na baada ya Mpishi kuungua? Nilipokuwa napiga magoti nyuma ya ukuta natafuta ubovu? Na leo, pale ukumbini, habari ya njia panda? Hapo pia ulidanganywa?"

"Alisema wewe hawatakufukuza," akasema ndani ya viganja vyake. "Alisema watakuonya tu, kwa sababu bila wewe hakuna anayemjua Kiranja. Lakini mimi wangenifunga. Dada, niliogopa."

"Ukawa unanipakulia chakula."

Ningeweza kusamehe ule ufunguo. Hata ule uongo wa ukumbini labda, baada ya miaka. Zile "pole, Dada" ndizo zilizonishinda, na hadi leo zinanishinda.

Mume wangu alitolewa kiwandani siku ile ile, na kesi yake bado inaendelea. Mdogo wangu alisimamishwa kazi. Aliporudi kuchukua nguo zake nilikaa jikoni, sikutoka. Nikasikia akisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaenda.

Mama, ambaye alikuwa amepona, akanipigia simu. Nilidhani ananipa pole. "Ungenyamaza, mwanangu," akasema. "Mume ni mume, na huyu ni damu yako. Kazi si zipo nyingi? Ungepata nyingine."

"Na mkono wa Mpishi, Mama? Nao ungepata mwingine?"

Akaguna. Akasema mimi tangu utotoni nina moyo mgumu. Nikamwambia haya, nikakata simu, nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Nilikuwa nimeshinda, jina langu safi, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

Kamati iliniachia kazi yangu, na agizo moja: funguo mbili zisilale tena chini ya paa moja. Ilinibidi nicheke. Nilipiga hesabu ya kila kitu kwenye lile tangi, mvuke, povu, mafuta mazito na mepesi, lakini sikuwahi kupiga hesabu ya ule msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Nikaamua ufunguo wa pili usikae tena na mkuu wa uzalishaji, ukae na yule anayeungua tangi likifurika.

Mpishi alirudi kazini, mkono una makovu lakini vidole vinakunja, masharubu amenyoa yote, anaonekana kama mtoto wa shule. Nilimpa ufunguo chumbani kwa Kiranja. Nilikuwa nimeshalifungua kufuli la mbali kutoka ukutani na kulifunga upya, limenyooka, halihitaji tena kuinuliwa. Alikunja kiganja juu ya ule ufunguo, akaujaribu, akaridhika.

"Haya, Mama Subiri," akasema, "niutundike wapi nyumbani, ili ukihitajika haraka ujue pa kuutafuta?"

"Popote upendapo," nikamjibu. "Ila mimi usiniambie."

Akaanza kucheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha. Akautia mfukoni, akarudi kwenye tangi lake.